Magogo ya Chokaa

Mtunza uwanja wa shule ile ya Riruta alikuwa amemchosha Mwalimu Mwongeli hadi basi. Kila asubuhi hufagia ameinama, mkono mmoja mgongoni, mpaka udongo ubaki na mistari ya ufagio. Wanafunzi wakirundika majani na magogo yaliyooza ili vyura na wadudu wapate makao, yeye huzoa. Walisimika ubao, "Usifagie hapa." Akaupangusa vumbi, akafagia. Sasa utamwambia nini mtu kama huyo? Leo, wageni wa kukagua mradi huo wa makao wakiwa langoni, Mwongeli alikuta magogo yamepangwa mstari mmoja, yamepakwa chokaa.

"Mwalimu," mzee alisema, akijipangusa mikono kwenye suruali, "hata mdudu anataka kukaa kwa nyumba ya heshima."

Chura akachomoka chini ya gogo, mgongo mweupe pe.