Jina Juu ya Majiko

Siku ya kwanza kumwona Mama Mwiko, alikuwa anamfukuza meneja jikoni. Mwiko wenyewe ulikuwa mkononi, unachuruzika maharage.

"Toka! Viatu vimetoka chooni hivyo, vinaingia kwenye chakula cha watoto?"

Meneja alirudi kinyumenyume, anacheka kama mtu aliyezoea. Ndipo mama akaniona mlangoni, ngazi begani, kopo la rangi mkononi.

"Na wewe?"

Nilitaka kusema nimetumwa kuandika ukutani, lakini maneno yakanikwama.

"Umemeza brashi, fundi?"

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Alikuwa mpishi wa yale makao ya watoto yatima tangu meneja hajaota ndevu. Mumewe alikwisha kufariki, mtoto hakujaliwa, na kwake kulikuwa hapo hapo nyuma ya jiko: chumba kimoja, kitanda na sanduku. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Bomba la kutolea moshi lilianguka zamani, na tangu hapo moshi ulijitafutia njia, njia yenyewe ikawa usoni kwake. Aliomba bomba jipya mpaka akachoka. Mfadhili alipokuja kukagua, akaomba tena, ana kwa ana. Mfadhili akamshika mkono, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akaleta rangi.

Rangi, na mimi. Niliambiwa niandike jina la mfadhili huyo ukutani, ndani, juu ya majiko, kwa herufi kubwa kuliko mlango. Chini yake niandike: Jiko hili ni zawadi yake. Jiko lenyewe alilikuta.

"Andika vizuri," mama aliniambia, anafuta machozi ya moshi kwa pindo la kanga. "Huenda hizo herufi zitavuta moshi."

Walikuwa na utaratibu wao, mfadhili na meneja. Siku ya sherehe watoto hawali mpaka mfadhili apakue sahani za kwanza kwa mkono wake, apigwe picha. Mara iliyopita alichelewa mpaka jua likageuka, na kitoto kimoja kikazirai kwenye foleni, sahani kifuani. Mama ndiye aliyekiokota. Picha ilitoka nzuri, maana mpiga picha aligeuzia kamera upande mwingine.

Safari hii meneja alimwahi mama asubuhi.

"Mama yangu, nakuomba. Ukipakua kabla hajafika, kazi huna. Na chumba huna."

"Nimesikia, baba."

Kengele ya chakula ikalia. Mfadhili hayupo. Mimi nilikuwa juu ya ngazi namalizia herufi za mwisho, nikamwona mama akichungulia dirishani. Watoto walikuwa wamepangwa juani, mashati yamepigwa pasi, wadogo wanalamba midomo. Akageuka, akautazama mlango wa chumba chake. Akautazama kitambo. Kisha akafunua sufuria.

"Haya, njooni mle."

Walikula, wakaongezwa, sufuria zikasuguliwa. Ndipo magari yakasikika getini. Meneja akaingia mbio, akaona sufuria tupu, akashika kichwa.

"Umeniua! Weka maji! Chemsha! Kamera itaona mvuke tu. Watoto, kwenye foleni!"

"Maji matupu?"

"Matupu! Bosi nitamnong'oneza mwenyewe."

Hakupata nafasi. Mfadhili aliingia anapiga makofi, mkewe nyuma anapunga moshi kwa mkoba, na mpiga picha. Akavaa aproni yenye jina lake, akasimama chini ya jina lake, akachota, akamimina huku meno yote yakitazama kamera. Mtoto akaruka, sahani ikaanguka, maji ya moto yakatua kwenye viatu vya mfadhili.

"Ni maji," mtoto akasema. "Sisi tumeshakula."

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Nani amewalisha?" Mfadhili aliuliza kama anayeuliza nani ameniibia.

"Mimi," mama akasema. "Walikuwa na njaa."

"Nimetoka mbali kuja kuwalisha hawa watoto!"

"Pole na safari. Kesho watakuwa na njaa tena. Njoo mapema."

"Hawana shukrani hawa watu," mkewe akasema, na miwani yake myeusi hakuivua. Mfadhili alimwita meneja pembeni. Hawakuzungumza sana.

Jioni ile ile nilimbebea mama sanduku mpaka getini. Meneja alikuwa amejifungia ofisini, kuaga kwenyewe hakuweza. Kwa hasira, kwa mara ya kwanza nikamwambia maneno marefu.

"Mama, lile jina bado bichi. Nikilipitishia kitambaa cha mafuta ya taa, linatoka lote. Nirudi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Akalipokea sanduku, akajitwika.

"Usijichafue bure, fundi. Bomba si hawakuweka? Moshi utamfuta."