Mkono Unaojishika Wenyewe

Mwanangu Neema, Jumamosi iliyopita tulimzika baba yako, kaka yangu mkubwa. Ulisimama kando ya kaburi na udongo kwenye ngumi. Watu wakangoja uutupe, nawe hukuutupa. Niligusa mkono wako, nikaukuta mgumu mbele na nyuma, kama wangu siku moja ninayoikumbuka hadi leo.

Nilikuwa kijana, nikifanya kazi ziwani kwenye boti ya baba yako. Tulitoka Moba na watu na magunia ya mahindi, tukakuta upepo mkali hapa Kalemie. Kazi yangu ilikuwa kuwatupia kamba wanaume waliosimama majini ili watuvute, kabla wimbi halijatugeuza ubavu na kutuzamisha. Kamba ikaanguka karibu na boti, haikuwafikia. Nikakaza mkono zaidi, ikaanguka karibu zaidi.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwita baba yako kwa sauti: "Papa Kisimba, huyu mudogo wako anatupa kamba ao anaanika nguo?"

Watu wakacheka, lakini kwa woga, kwa maana maji yalikuwa yanaingia. Baba yako akamwachia mwenzake mota ya boti, akaja akanibana mkono juu ya kiwiko.

"Huku kunasukuma, huku kunazuia," akasema. "Unajishika mwenyewe, mudogo wangu."

"Ninatia nguvu, kaka!"

"Unaitia pande zote mbili. Kamba itaenda na nini? Vuta nyuma kidogo, kisha upande unaovuta uulaze. Wa kutupa uende peke yake."

Hakunigombeza. Aliniwekea kamba mkononi taratibu, kama mtu anayempa mtoto chakula. Nikavuta nyuma, nikalegeza, nikatupa. Mkono ulikuwa mwepesi hata nikadhani sikutupa vizuri. Kamba ikapita juu ya vichwa vya wale wanaume, wakaidaka. Yule mama alishuka amelowa hadi kiunoni, bado ananicheka.

Mwanangu, mimi sikusoma sana. Ninajua tu kwamba mkono una upande wa kusukuma na upande wa kuvuta, na zikikaza kwa pamoja, nguvu yote inaishia ndani yako, wala hakuna anayeiona. Naona kulia nako ni hivyo. Tangu siku baba yako alipofia hospitali hadi pale kaburini, ulikuwa unasukuma kilio na kukizuia kwa wakati mmoja, kwa sababu wadogo zako walikuwa wanakutazama. Ulichoka, na ulikuwa bado hujalia. Kilio kikija tena, ulaze upande unaozuia. Wadogo zako hawatakufa maji. Tupo wengi wa kuwavuta.

Mungu wa baba yako akulegeze mabega, akupe usingizi, na mikono yako isikose wa kuipokea.

Pale kaburini sikukuambia haya yote. Nilikubana mkono juu ya kiwiko tu, kama alivyonibana yeye. Ulivuta mkono nyuma kidogo. Kisha vidole vikafunguka, udongo ukaanguka juu ya sanduku, nawe ukaita, "Papa," ukalia.