Aliyeuliza Mahari Kitale

Usiniambie niliota. Nilikuwa macho, sijanywa chochote ila chai, na ilikuwa mchana mbele ya watu. Kama hutaki kuamini, shauri yako.

Mimi napiga gitaa kavu, lisilo la umeme. Napiga zile nyimbo za kantri za zamani za Wamarekani wa milimani, za wapendanao waliotenganishwa na kifo. Unacheka? Huku Kitale tunazililia kana kwamba wale marehemu ni wa ukoo wetu. Dada yangu Nekesa ndiye aliyekuwa akiimba. Baba hayupo, mimi ndiye mkubwa, kwa hivyo jambo lake lolote lilipitia kwangu.

Jumapili moja tulikuwa tukitumbuiza katika hoteli ndogo mjini. Mvua kubwa ikashuka, watu wakajaa ndani wakigombania viti. Akaingia kijana mwenye kofia pana, gitaa mgongoni. Nguo zake zilikuwa kavu kabisa. Niliona, nikapuuza.

"Ndugu, natoka Myanga, kule Bungoma," akaniambia. "Nataka kukaa na dada yako. Mahari je?"

Sasa wewe, ungesikia nini? Sisi wenye asili ya Bungoma, l na r ni kitu kimoja. Shangazi yangu husema anaenda "kurara" na hakuna anayemsahihisha. Nikajua kijana anatafuta mahali pa kuketi.

"Mahali si shida, bana," nikamjibu. "Wewe kaa na yeye tu."

Akaniuliza tena, polepole, kama nina hakika. Nikamwambia ndiyo.

Akaketi karibu na Nekesa, akaanza kupiga. Kidole gumba kilitembea kwenye nyuzi nene, vingine vikicheza juu, na niamini, sijasikia mkono kama ule. Nekesa akaimba wimbo ambao hatukuwahi kujifunza, mwanzo hadi mwisho. Mvua ilipokatika kijana akanipa mkono. Ulikuwa baridi kama jembe lililolala nje.

"Asante, shemeji," akasema, akatoka.

Kesho yake Nekesa hakuwepo, wala nguo zake.

Nilimpata Myanga, akifagia uwanja wa mama mmoja mjane. Kando ya nyumba palikuwa na kaburi la zamani. Yule mama aliniambia ni la mwanawe, mpiga kantri aliyekufa kabla ya kuoa, na hakuna mtoto aliyepewa jina lake ili roho yake itulie.

"Huyu msichana anasema ameolewa hapa," alisema. "Nikimfukuza anarudi. Ati ni wewe ulimpeana?"

Nilimweleza habari ya mahali na mahari. Alifunika uso kwa leso akalia.

Nimempeleka pasta, nimepeleka wazee wetu, wote wamerudi mikono mitupu. Nekesa haimbi tena. Jioni huketi karibu na kaburi, ameinamisha kichwa, akitabasamu kwa jambo ambalo sisi hatulisikii. Amekonda, nguo zinamning'inia. Mimi gitaa siwezi hata kulishika, na matumaini sina.

Mara ya mwisho nilimsihi twende nyumbani. Alinitazama kwa upole.

"Kaka, si ni wewe ulisema tukae?"



Wewe unayesoma hapa, mtu akikuuliza neno na hukulishika vizuri, mwambie arudie, hata kama watu wamejaa na una haraka. Usijibu tu ili aondoke mbele yako. Anaweza kuwa ameuliza kitu unachopenda kuliko vyote, nawe ukampa bure.