Pete ya Shaba ya Baba Mukubwa

Asifiwe Mungu Baba, anayewavumilia wakaidi mpaka wanazeeka, kisha anawaachia bado pumzi ya kuungama. Mimi ni mmoja wao. Nimefundisha katekisimu hapa Kimemi, mjini Butembo, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nimewaandaa watoto wengi kwa kitubio chao cha kwanza, na hili ninalokuandikia nilikaa nalo moyoni karibu maisha yangu yote.

Mwanangu, juma lililopita, baada ya misa, kijana mmoja alinionyesha kwenye simu picha ya bunduki iliyobadilishwa kila kitu, inang'aa kama gari la harusi. Akaniuliza, "Muzee, si iko muzuri?" Nilimrudishia simu yake, nikaenda zangu. Ndiyo maana leo nimechukua kalamu.

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, Baba Mukubwa Kambale ametandika gunia safi uani na kuifungua bunduki yake. Alikuwa kaka wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea, kijijini upande wa Beni. Bunduki hiyo aliachiwa, pamoja na karatasi zake, na mwenye shamba la kahawa aliyemtumikia ujana wake wote. Ilikuwa kalibri duze, yaani namba kumi na mbili, ya kujijaza yenyewe: ukipiga, inatupa ganda na kuvuta risasi nyingine. Kazi yake ilikuwa moja tu, kulinda mashamba yetu dhidi ya nguruwe pori. Na desturi yetu ilikuwa hii: mwenye bunduki ndiye anayejibu kwa yote itakayotenda, hata ikiwa mikononi mwa mwingine.

Kila Jumamosi alifanya vilevile. Vipande vilipangwa juu ya gunia, kila kimoja mahali pake. Alipitisha kitambaa, akaweka tone moja la mafuta, kisha akafuta mpaka kidole kitoke kikavu. Kati ya vipande hivyo palikuwa na pete ya shaba, nyembamba, imelika upande mmoja, inayokaa juu ya springi.

"Hii njo breki yake," aliniambia. "Bila hii, itaruka sawa mbuzi mwenye kukata kamba."

Nilisikia kwa masikio, sikusikia kwa moyo. Jambo usilolijua ni usiku wa giza, na ujana huona giza hilo kuwa mchana.

Baadaye Baba Mukubwa aliugua, wakampeleka hospitali Butembo. Kabla hajapanda gari alinishika mkono. "Paluku, angalia bunduki. Hapana kuongeza kitu, hapana kupunguza kitu."

Majuma mawili hayakuisha nikapeleka kahawa yangu Kasindi, mpakani. Huko nikamkuta mchuuzi ametandaza vipuri vya bunduki, piyesi kama tunavyosema kwetu.

"Yako inakula masasi ngapi?" aliniuliza.

"Tano."

Alicheka mpaka jirani yake akageuka. "Tano! Hiyo ni ya kufukuza kuku! Leta mukono hapa, kijana. Na bomba hii itakula nane."

Nilinunua bomba refu la kuwekea risasi, kitako cheusi kinachong'aa, springi ngumu, na pete nyeupe mpya ambayo yeye mwenyewe hakujua ilitoka kwenye bunduki gani. Nyumbani nilivifunga vyote. Pete haikukaa vizuri, nikaipiga tupa mpaka ikakubali. Halafu nikamwaga mafuta ya lori ili chuma king'ae. Ile pete ya shaba niliitia mfukoni mwa suruali yangu ya Dominika. Vijana wakaanza kuniita Komanda, nami nikaitika.

Alfajiri moja Mama Masika, mjane wa jirani, alipiga hodi akilia. Nguruwe alikuwa ndani ya muhogo wake, na muhogo ule ndio waliokuwa wakiutegemea kula mwaka mzima, yeye na mwanawe Katembo. Katembo alikuwa rika langu na rafiki yangu. Alitangulia na sufuria, akiipiga ili kumtoa mnyama kichakani.

"Komanda, usikawie!" alinitania. "Leo tutakula nyama!"

Nguruwe akatoka. Nikapiga, nikampata begani. Nikavuta tena; kimya. Risasi ya pili ilikuwa imekwama kwenye tundu la kutupia ganda, imelala upande; pete mpya na springi ngumu zilikuwa zimeivuruga. Nilijaribu kuitoa, vidole vikateleza kwenye mafuta niliyoyamwaga mwenyewe. Mnyama aliyejeruhiwa akamgeukia Katembo na kumpasua paja mpaka mfupa ukaonekana. Wanaume waliokuja mbio wakamuua nguruwe kwa mikuki.

"Paluku, kulikuwa nini?" Mama Masika aliniuliza, kitenge chake kimejaa damu ya mwanawe.

Nikasema, "Bunduki ya muzee imechoka, mama. Inje niliitengeneza, lakini ndani ni uzee tu."

Hayo niliyasema, mwanangu. Kwa kinywa hiki hiki ninachopokelea Komunyo.

Baba Mukubwa aliporudi, amekonda, walimsimulia. Aliitazama bunduki, akapitisha kidole kwenye mafuta. Kesho yake alimchukua mbuzi, akaenda kwa Mama Masika, akavua kofia mbele ya watu. "Bunduki ni yangu, na haya yaliyotokea ni yangu," alisema. Mimi nilisimama nyuma yake. Nilikuwa nimeshika kamba ya mbuzi.

Jumamosi ilipofika alitandika gunia. Alivipanga vipande vyote, akaacha nafasi moja wazi, akangoja.

"Pete yangu iko wapi?"

"Ilikuwa imekwisha, Baba Mukubwa."

"Haikukwisha. Ilikuwa imezoea."

Nikaingia ndani, nikaitoa katika suruali ya Dominika. Nikaiweka juu ya gunia. "Ulijua?"

"Nilijua siku ile ya kurudia, kabla ya kupeleka mbuzi."

"Sasa juu ya nini ulienda kuomba musamaha?"

"Bunduki ni yangu. Na weye pia ni wangu." Akaifuta pete kwa kitambaa, akairudisha mahali pake. "Lakini kinywa ni chako. Siku utakuwa mwanaume, utaenda kusema mwenyewe."

Sikwenda. Kwanza nilingoja Katembo apone, na hakupona vizuri. Kisha nilingoja apoe. Kisha Baba Mukubwa akafa, nikajiambia kwamba jambo hilo limezikwa naye. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nilikuja kwenda nikiwa tayari mzee wa kutembelea fimbo. Katembo anakaa mjini Beni siku hizi, katika sehemu ya mji iitwayo komini ya Ruwenzori. Nilimkuta mlangoni, mguu umenyooshwa kama alivyouzoea. Nikamwambia yote, hata pete, hata mfuko. Alisugua kovu.

"Mama alikufa akisema Kambale njo alitulemaza," alisema mwishowe. "Alikataa hata kwenda kwa matanga ya Kambale. Piyesi ya kutengeneza hiyo, Paluku, wanaiuzisha wapi?"

Kisha akanisukumia kiti kwa fimbo yake. "Ikaa. Chai inapoa." Nikakaa. Mungu alinipa kikombe ambacho sikukistahili.

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu likavunjika la mwingine. Basi sikiliza, mwanangu. Nchi yetu imechoka na milio, usitamani bunduki. Lakini chochote utakachoachiwa ukitunze, iwe baiskeli, shamba au jina la mtu, kitunze kama ulivyokikuta kabla hujataka kukipamba. Kilicholika huenda kimelika kwa kazi nzuri. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwema hajavua kofia kwa ajili yako. Mungu husamehe saa yoyote, nimelionja hilo. Ila binadamu tunaowakosea hawatungoji wote.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulinde mikono isiharibu na kinywa kisichelewe. Akupe mzee wa kukuambia ukweli, na miguu ya kufika kwa uliyemkosea akiwa bado hai mlangoni. Amina.