Mashati Matatu Yenye Uzi wa Kijani

Kaka yangu alikuwa dobi kwa miaka thelathini na minne, na mtaa mzima ulimwita Kola, kwa sababu kwake shati halijapigwa pasi mpaka kola isimame yenyewe. Huu ni mwezi wa nne tangu tumzike. Nimelia vya kutosha, Mungu ameona. Sasa nataka kuandika habari zake kwa furaha, maana yeye alicheka hata pasi ikimuunguza kidole.

Kazi yake ilikuwa ya chumba kimoja: meza ndefu yenye blanketi kuukuu, pasi mbili na ndoo ya wanga, nami nikimsaidia kufua. Nguo za wateja alizitambua kwa uzi. Mwalimu wa hesabu alikuwa na mishono miwili ya njano ndani ya kola, mwenye duka la dawa mmoja mwekundu. Kijani kilikuwa cha mwanawe wa pekee, tangu anavaa kaptula za shule.

Mwanawe huyo alitutoa jasho. Leo baba ndiye baba bora duniani, kesho ni adui kwa sababu amemsalimia jirani kwanza. Siku moja alivunja sahani zote kisa suruali ya mteja ilipigwa pasi kabla ya yake. Jioni akalia na kuomba radhi, na wiki iliyofuata yakaanza upya. Wifi yangu alipofariki, kijana alimwambia baba yake kwamba hakulia vya kutosha. "Kuanzia leo sina baba," akasema, akabeba godoro lake kichwani na kuhamia upande wa pili wa mji. Miaka mitatu hakupokea simu.

Kaka alikonda kwa kujilaumu. Nikamvuta mpaka hospitali kwa mshauri, mama mmoja mpole.

"Siwezi kumpima mtu ambaye sijamwona," mshauri alisema. "Ila unayonieleza yanafanana na matatizo ya haiba, yaani ya namna mtu anavyohisi na kuishi na wenzake. Si laana, mzee, wala si wewe uliyemharibu."

"Sasa nifanyeje?"

"Usimkimbize, na usimfungie mlango. Akikutukana, maliza mazungumzo kwa upole. Na wewe uishi."

Tulipotoka nje Kaka akaniambia, "Umeona mambo? Nimekuja kumtibu mtoto, nimeandikiwa dawa mimi."

Na dawa aliimeza. Alijiunga na kwaya ya kanisani, ingawa sauti yake ilikuwa ya bawaba isiyotiwa mafuta.

Basi Jumamosi moja akaja Fundi Viatu, mteja wetu wa siku nyingi, ambaye alipanga nyumba moja na yule kijana.

"Kola, hizi zangu. Na haya mashati matatu ni ya mpangaji mwenzangu. Kasema nisiseme ni ya nani."

"Sijauliza."

"Nakwambia tu, usije ukaniuliza."

Kaka akainua mkono wa kushoto wa shati la kwanza. Kifungo kilikuwa kimetafunwa nusu. Tangu utotoni, moyo ukichafuka, mwanawe hutafuna kifungo hicho hicho. Kaka akavuta kikapu cha nyuzi. Akachukua sindano, akatia uzi wa kijani, akashona alama. Mashati yaliporudi wiki iliyofuata, alama ilikuwepo.

"Hajaifumua," akaniambia, kama mtu aliyepokea barua ya kurasa tano.

Ikawa hivyo mwaka mzima. Hakuna salamu, mashati tu. Yakikoma mashati, Kaka hana tena njia yoyote ya kumfikia mwanawe. Hilo nililijua, na bado nikaharibu. Ijumaa moja Kaka alipotoka kununua sabuni, niliingiza karatasi kwenye mfuko wa shati moja la kijana: "Mwanangu, baba yako anazeeka. Njoo umwombe radhi kabla Mungu hajamchukua. Shangazi yako." Nilidhani Mungu ndiye kanituma. Nilijituma mwenyewe.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Fundi Viatu alileta nguo zake peke yake. "Mwenzangu siku hizi anajipigia pasi," akasema. "Na Kola, yule hajui! Jana kapita utadhani katafunwa na ng'ombe akatemwa."

Ikabidi nikiri. Kaka akanitazama mpaka tukasikia harufu ya blanketi kuungua.

"Mdogo wangu, uliandika 'umwombe radhi'?"

"Niliandika."

"Si bora ungeandika bei ya sabuni."

Hakunifokea. Alinipa adhabu: soksi za timu nzima ya mpira, kwa mkono, na mvua ilikuwa imenyesha. Nilipokuwa nafua nilimsikia akiimba kwaya kwa nguvu kuliko siku zote, na sindano yenye uzi wa kijani ikiwa tayari imechomekwa kwenye blanketi. Jumamosi nane sindano ilikaa hapo.

Ya tisa, Fundi Viatu akatua mzigo mezani. "Haya matatu, wala usiniulize." Kwenye mfuko mmoja karatasi ilichungulia. Kaka aliifungua, akasoma: "Wanga umezidi, shingo inaniwasha. Na asiyehusika asiguse mifuko."

Kaka alicheka mpaka akakalia ndoo ya wanga. "Kanigombeza! Umesikia? Mwanangu kanigombeza kama mteja mwingine yeyote!"

"Na mimi je, kanitukana," nikasema.

"Wewe umesalimiwa. Shukuru."

Hakujibu ile karatasi. Alipunguza wanga.

Hawakuwahi kuzungumza tena. Siku ya mazishi kijana alikuja, akasimama karibu na lango, akagombana na wachimbaji kwamba kaburi halijanyooka, akaondoka bila kunipa mkono. Nilimtazama akienda. Kola yake ilikuwa imesimama yenyewe. Lilikuwa shati la mwisho alilolipiga pasi baba yake.

Meza na pasi sasa ni zangu. Jumamosi ya pili baada ya mazishi, Fundi Viatu aliingia akijikohoza.

"Shangazi, pole tena. Hizi zangu. Na haya matatu..."

"Sijauliza," nikamwambia.

Alipoondoka nilisali kidogo, nikatia uzi wa kijani kwenye sindano. Wanga nikaweka kiasi. Mifuko sikuigusa.