Jicho Jekundu Kwenye Mchoro wa Pamba

Kwetu Bariadi kuni ni shida. Tunapikia miti ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na ukipika ndani ya moshi huo miaka yote macho yanakuwa mekundu, hayarudi tena. Ya mama mkwe wangu yalikuwa mekundu kweli. Nalisema hili mapema kwa sababu miaka ile vikongwe wenye macho ya namna hiyo walikuwa wanakatwa mapanga, wakiitwa wachawi. Asiyelijua hilo hataelewa kwa nini niliogopa mchoro.

Ulikuwa wakati ule kampuni za watu binafsi zilipoanza kuruhusiwa kununua pamba. Zamani ushirika ndio ulinunua, peke yake. Sasa kila msimu gari jipya, mzani mpya, bwana mpya. Kampuni moja ikafungua kiwanda cha kuchambulia pamba, ikaajiri wanawake wa kuchagua uwanjani: safi huku, chafu kule, ile tunayoiita fifi. Mimi na mama mkwe tukaingia. Yeye alikuwa na mikono myepesi, wakamkalisha mwanzo wa mstari, karibu na lango.

Ofisini kulikuwa na karani kutoka Dar na kompyuta yake iliyowashwa kwa jenereta. Alitumwa achore safari ya pamba, tangu inashushwa kwenye gari mpaka inatoka marobota. Programu yake ilikuja na maumbo yake: kisanduku maana yake kazi, kingine kilichosimama kwa ncha maana yake hapa unaamua, na mishale katikati. Akabandika ukutani. Hakuna aliyeelewa. Wapakuzi wakasema ni mitego ya panya.

Basi akatengeneza maumbo yake mwenyewe. Programu ilikubali: unachora umbo, unalipatia jina, linatunzwa humo, ukilihitaji unalivuta. Akachora gari, mzani, robota. Pale pa kuchagua, ambapo pamba inatazamwa, akachora jicho. Na kwa kuwa hapo ndipo pamba mbaya inasimamishwa, akalipaka rangi nyekundu.

Sitasema alikuwa mjinga. Alikuwa mpole, alijitahidi kutusalimu kwa lugha yetu, "mwangaluka mayu", yaani umeamkaje mama, kwa ulimi mzito. Ila hakuuliza mtu.

Karatasi kubwa ikabandikwa langoni, juu ya kichwa cha mama mkwe. Nyingine zikapelekwa vituo vya kununulia, mpaka Kimali na Nyashimo.

"Shikamoo bibi," mpakuzi mmoja akamwambia. "Kumbe kampuni imekupiga picha!"

"Marahaba. Picha gani, mwanangu?"

"Si hiyo hapo juu? Jicho lako hilo. Kompyuta haikosei."

Wenzake wakaangua kicheko. Mama mkwe akacheka nao. Hakuwa anaona mbali vizuri, karatasi yenyewe kwake ilikuwa weupe mtupu. Mimi nilikuwa natazama wanawake wa mstari wetu. Walikuwa wanavuta magunia yao, kidogo kidogo, wakae mbali naye. Halafu akaja jirani yetu aliyekuwa amefiwa na ndama. Hakuwa na kazi yoyote pale kiwandani. Alisimama langoni, akatazama karatasi, akamtazama bibi, akaondoka bila kusalimu.

Nikaenda ofisini.

"Bwana karani, toa lile jicho."

"Mama, ni alama tu. Maana yake hapa tunakagua."

"Huku maana yake hapa kuna mchawi. Toa."

Alianza kucheka, kisha akanitazama usoni akaacha. Akageukia kompyuta. Alinieleza kuwa akibadilisha umbo mara moja tu, kila mahali lilipo litabadilika lenyewe. Jambo hilo lilimfurahisha sana. Dirishani alikuwa ameona nyungo tunazochagulia pamba. Akachora ungo, mzuri kabisa, hata ukindu wake ulionekana.

"Ungo hapana," nikamwambia.

"Ungo nao una nini?"

"Wachawi wanapaa na nini? Hata Dar mnalijua hilo."

"Hizo hadithi, mama. Bosi anazitaka karatasi leo. Nitabadilisha wiki ijayo."

Na mashine ilikuwa imeshaanza kuzitoa.

Asubuhi ungo ulikuwa langoni. Yule mpakuzi aliusoma akiwa na gunia begani. "Walituonyesha jicho," akasema, "sasa wametuonyesha na ndege yake." Safari hii hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Karatasi ya zamani, yenye jicho, haikuonekana tena pale kiwandani. Tulipofika nyumbani tuliikuta mlangoni kwetu, imebandikwa kwa mavi mabichi ya ng'ombe.

Mume wangu aliibandua. Alfajiri alimchukua mama yake wakapanda basi la kwenda kwa mjomba, Kiloleli. Tulimwambia kaka yake anaumwa.

"Msimu haujaisha," mama mkwe alilalamika kabla ya kupanda. "Watachukua nafasi yangu."

"Wachukue, mayu."

Alitaka kubeba ungo wake. Nikamnyang'anya mkononi, akanikasirikia mbele ya watu, akasema mwanawe ameoa mwanamke mkatili. Niliutia ungo ule jikoni, ukaungua.

Karani alinifuata uwanjani baadaye, akaniambia pale pa kuchagua ameweka kisanduku kitupu. Nilimshukuru, nikaendelea na kazi. Nafasi ya mwanzo wa mstari ilikuwa wazi, hakuna mwanamke aliyekubali kuikalia.

Pamba ya kiwandani ilipokwisha tulikwenda shambani kung'oa miti ya pamba, wote na watoto. Tuliporudi mchana, mlango ulikuwa umevunjwa. Redio ilikuwa mezani. Kuku walikuwepo. Chumbani kwa mama mkwe godoro lilikuwa limekatwakatwa, mapigo marefu ya panga, upande wa kichwa zaidi. Pamba imetapakaa sakafuni, na kwenye udongo nyayo za watu wazima, viatu vya aina aina. Mume wangu alikaa kizingitini. Mimi nikaokota pamba, kwa sababu watoto walikuwa wanatazama.

Haikupita muda akaja mama mmoja mchuuzi wa samaki, ametoka Kiloleli, upande wa ziwani, ana ujumbe.

"Mama mkwe wako anakusalimu, hasira zimekwisha. Anasema mkeka unamuumiza mgongo. Umtumie godoro lake."

Nikamkaribisha uji, akanywa.

"Mwambie," nikasema, "mchwa wamelila."