Jiko Lililotazama Barabara

Nilipohamia Songea mwaka 1990 kufundisha katika chuo kidogo cha ufundi na biashara, nyumba ya mwalimu ilikuwa haijaezekwa. Nikapanga chumba mtaa wa Bombambili, kwenye gesti ya Kajetani Ngonyani. Ilikuwa na vyumba sita, na wapangaji tulikuwa wawili. Asubuhi ya kwanza niliamka nakohoa. Moshi wa kuni ulikuwa umejaa koridoni, na nilipoufuata nikakuta jiko limejengwa mbele kabisa ya nyumba, likitazama barabara, pale ambapo wenye gesti wengine wote waliweka duka au mapokezi. Mgeni alilazimika kuingilia ubavuni, kwenye kichochoro.

"Pole, mwalimu," Kajetani aliniambia. "Utazoea."

Alikuwa na miaka kama sitini. Alikuwa fundi mwashi wa siku nyingi. Maghala ya ushirika vijijini mengi aliyajenga yeye. Mkewe, Aurelia, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijafika. Watoto hawakujaliwa. Alikuwa akipika mwenyewe, akifagia mwenyewe, na jioni alikaa kwenye benchi nje ya jiko, kofia magotini, akiitikia shikamoo za wapita njia.

Chuoni nilikabidhiwa somo lililowakutanisha wanafunzi wa biashara na wa uchoraji wa majengo. Nilikuwa nimekuja na kitabu cha visa mkasa, yaani habari za kampuni na majengo ya kweli, jinsi yalivyofaulu au yalivyokwama, ili mwanafunzi ajiulize yeye angefanya nini. Vyote vilikuwa vya ng'ambo. Wiki ya pili, Notburga, msichana wa biashara, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Hilo ghorofa la kitabuni lina lifti sita. Mimi sijapanda hata moja. Nitajuaje walikosea wapi?"

Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Lakini jioni ile niliporudi Bombambili nilisimama ng'ambo ya barabara nikaitazama gesti kwa muda mrefu. Kisha nikavuka, nikamkuta Kajetani anamenya viazi.

"Mzee, naomba niandike habari za gesti hii. Wanafunzi wangu wajifunze."

"Wajifunze nini?"

"Biashara na ujenzi. Ilivyoanza, na ilipokwama."

"Ilipokwama," akarudia. Akamaliza kumenya kiazi. "Haya, andika."

"Jina nitabadilisha."

"La nini? Bombambili nzima inajua ni yangu."

Akanisimulia. Gesti aliijenga mwaka 1986, biashara ilipofunguliwa na mabasi ya watu binafsi yakaanza kuleta wanunuzi wa mahindi. Miezi ya mwanzo vyumba vilijaa. Halafu wengine wakajenga upande wa pili, gesti zenye veranda safi na duka mbele, na wageni wakahama mmoja mmoja. Niliandika kurasa nne, nikachora ramani ya nyumba, na mwishoni nikaweka swali: Kajetani alikosea wapi?

Darasa likachangamka kuliko nilivyotarajia. Tangu mwaka ule, kila Julai niliwapeleka wanafunzi Bombambili. Walipima kuta kwa futikamba, wakamuuliza Kajetani habari za mbao na mabati, kisha wakasimama mmoja mmoja kueleza makosa yake, mwenyewe akiwa amekaa pale pale. Mlango wa kichochoroni. Moshi. Jiko mbele. Yeye alisikiliza akiitikia kwa kichwa, na walipomaliza aliwapa viazi vya kuchemsha. Mkuu wa chuo alinisifu mbele ya wageni wa wizara. Nami, nakiri, nilijiona nimepata.

Mwaka 1994 kulikuwa na mwanafunzi wa uchoraji aliyeitwa Odilia, mpole, anayeandika kuliko kusema. Mwenzake Remmy alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kutoa maoni yake. "Huyu mjenzi hakumfikiria mteja hata kidogo," alisema. "Alijenga kama mtu asiyejua kazi." Wenzake wakaandika.

Odilia alikuwa bado amechuchumaa jikoni na futikamba.

"Mzee," akasema, "dirisha hili liko chini mno. Mtu akisimama hapa kupika haoni barabara, anaona miguu tu. Na hili jiko nalo ni fupi. Fundi kama wewe hawezi kukosea vipimo viwili mahali pamoja." Akanyanyuka. "Nani alikuwa anakaa hapa?"

Kajetani alivaa kofia, akaivua.

"Mke wangu," akasema. "Aurelia. Miguu ilipooza mwaka themanini na tatu. Tulikuwa tumepanga Ruhuwiko, chumba cha uani. Miaka mitatu anatazama ukuta. Mikono ilikuwa mizima, na kupika alikuwa anajua. Nilipojenga hapa nikasema, atapika amekaa, na watu atawaona. Basi wakawa wanapita, wanamsalimia. Akina mama wakitoka sokoni wanamwonyesha walichonunua, wanapiga soga."

Hakuna aliyeandika.

"Wageni walipoanza kulalamikia moshi, akaniambia, 'Kajetani, nirudishe uani, biashara itakufa.' Nikakataa. Tuligombana sana kwa hilo, sisi ambao hatukuwa watu wa kugombana. Siku moja akagoma kupika. Akakaa na dirisha amelifunga, ili watu wasimwone wakadhani anafurahi." Akaipangusa kofia. "Amekufa anaamini yeye ndiye aliyenifilisi. Sikuweza kumtoa mawazo hayo."

Remmy alikuwa ameshika daftari lake kifuani. "Nisamehe, mzee," akasema.

"Hujanikosea, kijana. Umesema ulichokiona."

Wanafunzi walipoondoka nilibaki. "Mzee, miaka minne nakuletea watu hapa. Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza nilikosea wapi," akajibu. "Na kwenye biashara nilikosea kweli. Hata yeye alisema."

Sikulala vizuri wiki ile. Niliongeza ukurasa wa tano kwenye kisa, nikafuta swali la mwisho, nikaandika jingine: kama ungekuwa fundi wa Kajetani, ungemjengea nini? Niliona nimerekebisha. Odilia alilichukua swali lile akakaa nalo wiki tatu. Alinijia na karatasi kubwa iliyochorwa kwa penseli, safi mno. Jiko alikuwa amelisogeza kwenye pembe ya nyumba, upande ambao upepo hutokea mara chache. Akaweka bomba la moshi la matofali, dirisha la chini likitazama barabara vile vile, na mlango wa wageni mbele, wenye veranda. Mpishi anakaa, anaona watu, moshi unapanda juu. Wageni wanaingia kwa heshima. Na matofali yalikuwa yale yale, alikuwa ameyahesabu.

Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kusahihisha. Nikafurahi kama mtoto. Nikamwambia, "Twende tukamwonyeshe."

Mpaka leo najiuliza nilikuwa nafikiri nini.

Kajetani aliitandaza karatasi kwenye benchi. Kusoma ramani alijua kuliko sisi. Alipitisha kidole kwenye ukuta wa mbele, akafika kwenye pembe, akasimama kwenye bomba la moshi. Odilia alikuwa anatabasamu, akingoja. Kidole hakikuondoka.

"Kumbe ingewezekana," Kajetani akasema.

Tabasamu la Odilia likatoweka. Mzee akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni mwa koti, akaingia ndani. Tulimsikia anasogeza vyombo. Tulisubiri, hakutoka, tukaondoka. Njiani Odilia alilia.

Julai iliyofuata nilipokwenda kuomba ruhusa, alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani kwetu, mji wa Moshi, kisha akasema, "Wanafunzi usiwalete tena, mwalimu." Kabla ya mwaka kwisha aliuza gesti, akahamia Ruhuwiko kwa mpwa wake Getruda. Nilikuwa namtembelea kwa baiskeli Jumapili baada ya ibada. Tuliongea mvua, mahindi, afya. Majengo hatukuyagusa. Mara moja tu aliniuliza yule binti yuko wapi. Nikamwambia ameajiriwa Iringa, anachora shule. "Anajua kazi," akasema, akabadilisha mazungumzo.

Alifariki Aprili 1996, kifua. Msibani, Getruda alinifuata chini ya turubai akiwa na kalamu na karatasi.

"Mwalimu, katekista anataka wasifu wa marehemu usomwe makaburini. Tumeona uuandike wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unaandika habari zake."

Niliipokea kalamu. Nilijua upana wa korido yake. Nilijua idadi ya mabati, mwezi vyumba vilipoanza kubaki vitupu, na unene wa kila ukuta. Nikaandika jina lake juu ya karatasi, nikapiga mstari chini yake, na hapo nikakwama.

"Getruda," nikasema, "mama yake alikuwa anaitwa nani?"

Akavuta mkeka karibu, akakaa, akaanza kuniambia.